Ngeli za Mama

Mama alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, na sisi watoto wake tukazaliwa na kukulia Buruburu, Nairobi. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake. Kutwa nzima alisahihisha makosa ya watoto wa watu, kisha akirudi nyumbani anasikia "hiyo kiti" na "ile kitabu" kutoka kwa watoto aliowazaa mwenyewe. Hakutupiga. Alikuwa na njia mbaya zaidi. Ukimwambia, "Mama, nipe hiyo kijiko," aliangalia huku na huku mezani, akainua hata kitambaa kuchungulia chini yake, halafu akasema kwa upole kwamba nyumba hii haina kitu kama hicho, labda ukaulize kwa jirani. Uji unapoa. Ukisema "hicho kijiko", kijiko kinaonekana papo hapo.

Na kila asubuhi, kabla hatujafunga kamba za viatu, kulikuwa na chemshabongo. Siku moja ya maneno, siku nyingine ya hesabu, nyingine ya mantiki, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla ya kujaribu. Neno gani ukiliwekea mkazo hapa magari yanapita juu yake, ukiuhamisha mkazo linasema sawasawa? Barabara. Mchinjaji wa Kiamaiko ameingia chumbani na mbuzi watatu; miguu mingapi imeingia, na mingapi itatoka ikitembea? Kaka yangu alijibu kumi na minne mara zote mbili, tukamcheka mpaka shuleni. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa anakunywa chai yake kimya huku akitutolea jibu kwa vidole chini ya meza, na Mama akijifanya haoni.

Baba alifariki miaka mingi iliyopita. Kaka alihamia Marekani. Mimi nilipanga nyumba Donholm, nikafungua kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi, na Sheng yangu ikazidi kunawiri kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kunifichia kijiko. Mama akabaki peke yake kwenye nyumba ile ile, amestaafu, akiwarekebisha watangazaji wa redio ambao hawamsikii.

Mwaka jana akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakaenda. Nilirudi Buruburu na begi moja nikidhani nitakaa kidogo tu.

Maneno hayakuenda yote. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuwaeleza watu waliopiga simu kumjulia hali. Aliweza kuhesabu mpaka mia. Aliweza kuswali na kusoma Fatiha bila kukwama. Majina ya vitu ndiyo yaliyofutika, pamoja na majina yetu. Alishika kikombe mkononi, akakitazama kwa hasira, na neno halikuja. Mimi nilikaa mbele yake nikiona mwanamke aliyenifundisha kusema akitafuta neno "kikombe", na sikuwa na la kufanya. Nikimsaidia ananikasirikia. Nikinyamaza anakasirika vile vile, na machozi yanamlengalenga.

Kwenye zahanati tulipata mtaalamu wa usemi, msichana mpole mwenye subira kuliko mimi. Akasema ubongo wa Mama unahitaji mazoezi kila siku: kutaja picha, kuhesabu kinyumenyume, kuchagua kisichofanana na wenzake. Yaani chemshabongo. Nilitamani kucheka. Akatandaza picha nne mezani: kijiko, kikombe, kiatu, sahani.

"Mama, ipi si ya hapa?"

Mama akaweka kidole kwenye sahani, bila kusita. Msichana akamwambia si neno, wajaribu tena. Embe, chungwa, jicho, ndizi. Mama akaweka kidole kwenye ndizi. Msichana akaandika kitu. Mtu asiyejua kwamba jicho haliliwi amekwenda mbali sana.

Kisha Mama akanitazama. Nilikuwa naujua mtazamo ule tangu utotoni. Ni ule wa kusema, nyumba hii haina kitu kama hicho. Nikazirudia picha kimoyomoyo. Kijiko, kikombe, kiatu. Embe, chungwa, jicho. Kijiko changu, kikombe changu, kiatu changu, sahani yangu. Embe langu, chungwa langu, jicho langu, ndizi yangu.

Nikaanza kucheka, na msichana akadhani nimechanganyikiwa. "Anapanga kwa ngeli," nikamwambia. "Hajakosea hata moja." Alipoelewa akacheka pia, akafuta alichoandika, akasema basi hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa hiyo hivyo ndivyo tulivyoishi. Mama alikuwa amepoteza majina akabaki na viambishi, na kila siku alinitegea maswali bila kukusudia. "Kile changu kimelowa." Nami nasimama katikati ya chumba nikijiuliza ni kitu gani cha ki- kinachoweza kulowa: kitambaa, kilemba, kitanda. Kilikuwa kitambaa cha kufutia mdomo. "Lile liko wazi, linaniletea baridi." Dirisha. Hilo nililipata upesi nikajisifu mwenyewe. Siku nyingine akaniita kwa haraka, "Yamechemka, yanamwagika," na mimi, badala ya kwenda jikoni, nikabaki nikiorodhesha: maji, macho, majani, mafuta. Yalikuwa maziwa. Nilipofika yalikuwa yameshazima moto wa gesi. Mama alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa darasa la kwanza aliyejikojolea, na siku hiyo nilistahili.

Mtu wa Sheng kuishi na mgonjwa wa namna hii ni mtihani. Kwangu mimi dunia nzima ilikuwa "hiyo" na "ile". Ngeli nilizipita shuleni kwa kukariri, nikaziacha kwenye geti la shule. Sasa ndizo zilizokuwa uzi pekee kati yangu na mama yangu, na nilizishika kwa nguvu. Dukani nilichapa kadi za picha, nikazipanga kwa mafungu, nikajifunza upya kama mtoto. Niliogopa sana. Niliogopa kwamba siku moja atataka kitu cha maana na mimi nitashindwa kukijua.

Siku hiyo ikaja alasiri moja, Mama amelala chali, macho yako mlangoni.

"Wangu," akasema. "Uko wapi?"

Nikafurahi, kwa sababu lilikuwa swali rahisi. Kitu cha u- au cha m-, kimoja, cha kwake. Nikamletea ushungi. Akatikisa kichwa. Nikamletea mto, mkoba, mkufu wake wa fedha, mkongojo. Hapana. Akafumba macho, akachoka, akalala. Kesho yake alasiri akauliza tena kwa maneno yale yale. Nikaleta mswala, nikajiuliza kwa nini sikufikiria hilo mapema, mtu anataka kuswali. Akausukuma. Nikaleta msahafu. Akaubusu, akaniwekea mikononi, akauliza tena.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Niliupekua mji mzima wa vitu vyake. Nilishusha masanduku kutoka juu ya kabati, nikatoa ungo, upawa, ukili wa kusukia mikeka ambao sijui ulitoka Lamu na nani, mwavuli uliovunjika, uzi wa kila rangi, ufunguo wa mlango tuliokwisha kuubadilisha. Nilichapa picha za kila kitu cha ngeli hiyo kinachoweza kuchapwa, nikamwonyesha moja moja. Alinitazama mimi badala ya picha. Mtaalamu akaniambia nisikate tamaa, huenda ni kitu cha zamani sana. Nilimpigia kaka. Akasema, "Si umuulize tu anataka nini," na nikamkatia simu.

Wazo kwamba anatafuta mtu lilinijia, tena mapema, na nikalifukuza kwa mantiki. Angekuwa mtu, angesema "yuko wapi". Mwanangu yuko wapi, mgeni wangu yuko wapi. Mama amepoteza mengi lakini ngeli hakosei, nimeshaona mwenyewe kwa mtaalamu. Amesema "uko", basi ni kitu. Nilijivunia hoja hiyo. Nilikuwa nimepata ufundi wa kumwelewa mama yangu, nami niliuamini kuliko nilivyoamini macho yake.

Siku moja nililia mbele yake. Nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya mikeka na mikoba, nikamwambia, "Mama, mimi nimeshindwa. Sijui unataka nini." Akanyoosha mkono wake mzima akanipapasa kichwani. Halafu akageukia mlango akauliza, wangu uko wapi.

Jirani yetu wa nyumba ya pili hushona sweta za shule, na huwa ananiuliza habari za Mama kila tukikutana. Asubuhi moja nilitoka kumwaga taka nikamkuta amesimama getini, simu sikioni, anamsubiri mteja wake.

"Wangu, uko wapi?" alikuwa anasema. "Me niko hapa kwa geti, kuja basi."

Nilisimama na ndoo mkononi. Akamaliza, akanigeukia. "Sasa? Mama anaendeleaje?"

"Ako tu," nikasema, na sikusikia alichojibu.

Wangu, uko wapi. Wewe, wangu, uko wapi. Maneno ambayo kila mtu Nairobi anayasema kwa simu mara kumi kwa siku, mimi mwenyewe nikiwemo. Mama hakukosea ngeli. Alikuwa hazungumzi juu ya mtu wala kitu; alikuwa akimwita mtu. Nilishika ngeli mpaka nikasahau nafsi.

Na mimi, mjinga wa watu, nikadhani ananiita mimi. Niliingia ndani mbio. Wiki zote zile ananiita, nami namletea ungo. Alikuwa macho. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaushika mkono wake, na sikungoja hata aulize.

"Mama, niko hapa. Mimi niko hapa."

Akanitazama kwa upendo. Hilo sina shaka nalo.

"Wewe upo," akasema. Akatafakari, akiyapanga yale machache aliyobaki nayo. "Wewe upo. Yeye."

Akapiga godoro kwa kiganja, upande wa ukutani. Mama ana kitanda kikubwa na amekilala peke yake miaka yote hii, lakini hajawahi kusogea upande ule. Upande ule alilala Baba. Sisi tulimsikia akimwita "baba watoto", siku zote, mbele za watu na mbele yetu. Kumbe mlango ukishafungwa alimwita hivyo, wangu.

Nilikuwa nimepata jibu, na halikunisaidia kitu. Nilichofanya baada ya hapo nilidhani ni haki yake. Nilimwambia ukweli, taratibu, kwa Kiswahili safi: Baba alishafariki, Mama, tulimzika, wewe ulikaa eda. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalia, na hakulia kama mtu anayekumbushwa. Alilia kama mtu aliyeletewa habari sasa hivi, na mimi ndiye niliyezileta. Alilia mpaka adhuhuri. Nilimshika tu.

Akalala. Alasiri akaamka, uso umetulia, kilio chote kimemtoka akilini. Akatazama mlangoni.

"Wangu," akasema. "Uko wapi?"

Nilikuwa nimekaa pale pale. Nikafikiria kumwambia tena. Sikuweza kumfisha Baba mara ya pili kwa siku moja, na kesho mara ya tatu. Mama alikuwa anasubiri jibu, na katika maisha yangu yote hakuwahi kukubali nitoke bila kujaribu.

"Yuko njiani, Mama," nikasema. "Anakuja."

Macho yake yakaangaza jinsi ambavyo sikuwa nimeyaona tangu augue. Akajaribu kuinuka, nikamwekea mto mgongoni. Akavuta shuka ikanyooka. Halafu akashika kichwa kwa mkono wake mmoja, akaniangalia kwa haya kidogo.

"Zichane," akasema.

Hilo halikunitaka nifikiri. Nikachukua kitana nikaanza kumchana nywele, polepole, ili apendeze kwa mtu ambaye hatakuja.