Gitaa la Dahir Halikupakwa Rangi

Mwanangu, liweke chini hilo kopo la rangi kwanza. Najua uliagiza ubao wako kutoka Nairobi, umefika na basi la alfajiri, na unataka Jumamosi wenzako waone gitaa jekundu linang'aa kwenye simu zao. Sikukatazi. Ila upepo wa mchana umeshaanza, na rangi mbichi na vumbi la Garissa havijawahi kupatana, kwa hiyo leo hupaki kitu. Kaa hapo kwenye ndoo nikwambie jambo. Na kwa kuwa umekulia mbali na Kisomali chako kinachechemea, nitakwambia kwa Kiswahili.

Nakumbuka asubuhi moja, wakati huo ningali kijana mwenye nywele nyingi na maneno mengi zaidi. Mchana nilikuwa fundi wa pampu za visima. Jioni nilitengeneza magitaa ya umeme, kwa kupenda tu, hakuna aliyenituma. Nilianza kwa kufungua moja la bendi ya harusi lililokuwa limenyamaza, nikakuta waya mmoja tu umeng'oka. Nikaulehemu, gitaa likalia, na ugonjwa huo haujanitoka mpaka leo. Kazi hii naijua, wala sitajifanya mnyenyekevu mbele yako. Kutoka hapa mpaka Habaswein, gitaa likiharibika liliishia mezani kwangu, na yote niliyoyachonga mwenyewe niliyapaka rangi nyekundu. Watu wakiona jekundu harusini walisema, hilo la Bashir. Nilipenda kusikia hivyo, kwa nini nikufiche?

Basi akanijia mzee mmoja kutoka kambi za wakimbizi za Dadaab, jina lake Dahir. Kwao, kabla ya vita, alikuwa mpigaji gitaa anayejulikana mtaa mzima. Alipokimbia, gitaa lake lilipasuka njiani chini ya mizigo ya watu. Alichobaki nacho ni shingo ya gitaa, zile sumaku za kunasa sauti, na nyaya kidogo, vyote amevifunga kwenye shuka. Binti yake, Sahra, alikuwa anaolewa hapa mjini. Dahir alimwahidi tangu akiwa mdogo kwamba siku ya harusi yake atampigia yeye mwenyewe, si mtu wa kukodiwa. Na ruhusa yake ya kutoka kambini ilikuwa ya siku chache, harusi ikiisha anarudi.

"Kijana," akaniambia, "nyumba imekwenda, mifugo imekwenda. Nimebaki na ahadi hii. Unaweza?"

Nikamwambia naweza, na sikubahatisha.

Nikatafuta mvule, ubao wa mlango wa zamani wa duka, mti uliokauka miaka mingi ukamaliza kujipinda kwake. Hilo liweke kichwani. Mbao isiyokauka vizuri ikiletwa kwenye jua letu hunywea, shingo ikapinda, na vile vichuma vilivyokatiza shingoni vikatokeza pembeni vikakukata vidole. Nikauchonga mwili wa gitaa, nikachimba mahali pa shingo mpaka ikaingia kwa kubana bila gundi kusaidia, nikapiga msasa hadi ukiugusa ni laini kama shavu la mtoto. Ikabaki rangi tu, na rangi niliipangia asubuhi ya harusi, upepo ukiwa bado umelala. Chumba changu kilikuwa cha mabati, joto lake lingeweza kuivisha chapati, kwa hiyo nikaupeleka ubao ule ukalale kwa shangazi yangu, Eeddo Halimo, ambaye nyumba yake ilikuwa na kivuli kizuri.

Sasa Eeddo Halimo alikuwa muuza maziwa ya ngamia. Vyombo vyake vya maziwa vilikuwa vya mti. Ndani alivifukiza kwa moshi na nje alivipaka samli, kama mama yake alivyofanya, ili visipasuke. Fikiria mwanamke wa namna hiyo anaachiwa nyumbani kwake mti mkavu, uliopauka, usio na mafuta hata tone moja. Ningemfahamu shangazi yangu vizuri kidogo tu, ningelala nao mwenyewe huko kwenye mabati.

Asubuhi nilimkuta ameusimamisha ubao ukutani, unang'aa. Alikuwa ameupaka samli mbele, nyuma na pembeni, hata kule ndani nilikochimba mahali pa nyaya. Alisimama kando yake akingoja shukrani.

"Eeddo, umefanya nini?" nikapiga kelele. "Rangi haishiki kwenye mafuta!"

Shangazi akikasirika aliacha Kisomali akahamia Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyozoea kugombana nayo sokoni, na p yake mara nyingi ilitoka b. "Wewe kijana, nani naacha mti uchi kwa jua kama hii? Ikibasuka, nani nakuja kulia? Mimi nasaidia wewe, wewe nabigia mimi kelele!"

Nilifuta kwa spiriti, nikapiga msasa upya, nikafuta tena, nikapuliza rangi ya kwanza. Rangi ikakimbia. Ilijikusanya huku na kule ikaacha matundu madogo madogo, na katika kila tundu ulimwona mvule anakuchungulia. Samli ilikuwa imeshaingia ndani ya mti. Wakati huohuo Dahir akaingia uani, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akatusalimu, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alitazama tu ule ubao wenye madoa, na mikono yake ilikuwa imetulia magotini.

Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kurundika rangi nzito ikafunika matundu yote, na kwa mbali gitaa lingependeza. Lakini rangi nene haikauki asubuhi moja, na mzee angeondoka na nusu yake kwenye shati lake la harusi. Au ningeikwangua yote, nimkabidhi mti mtupu unaonuka samli, bila jekundu langu, mbele ya mji mzima. Nilisimama na kopo mkononi, na moyo ulikuwa unaniuma kweli.

Shangazi akaona. Akaja karibu, sasa kwa sauti ya chini. "Hii gita nalia kwa rangi? Baba ya bibi harusi nakaa hapo, saa nakwenda. Uliza yeye nataka nini."

Nikamuuliza. Dahir akasema, "Nataka binti yangu asikie. Mengine ni yako, fundi."

Nikaikwangua rangi. Nilifanya haraka lakini sikufanya ovyo. Nikaisafisha mifereji ya nyaya kwa spiriti mpaka ikakauka, nikalehemu, nikafunga shingo, nikatia nyuzi, nikazishusha zikae karibu na shingo, zisivichoshe vidole vya mtu mzee. Tukaunganisha kwenye amplifaya ya jirani. Dahir akagusa uzi mmoja, akafumba macho. Sauti ilitoka nzito na safi, nami nikajua kwamba hapo sijakosea hata kidogo. Eeddo Halimo alikuwa analia waziwazi, akijipangusa kwa ncha ya mtandio.

Jioni ile Dahir alimpigia binti yake. Sahra alisikia sauti ya baba yake ikipita kwenye spika mpaka upande wa wanawake, na walioketi naye walituambia alisimama, akashindwa kukaa tena. Shangazi yangu, yeye, alipiga vigelegele na kumtangazia kila aliyesikia kwamba samli ilikuwa yake. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza rangi iko wapi. Dahir akarudi kambini na gitaa lake, na baadaye dereva wa lori la maji akaniletea salamu zake: mwambie fundi sisimizi wameacha kulifuata, paka bado.

Usicheke sana, maana sikwambii upake gitaa lako samli. Samli haikauki, huvunda, na gundi yoyote utakayotia baadaye itaikimbia. Ukikuta mti ulioguswa na mafuta, kuna yale magamba ya vanishi yanayoyeyushwa kwa spiriti. Pakaza hayo kwanza, tabaka jembamba, yafungie mafuta ndani, kisha ndiyo rangi yako. Hilo nililijua baadaye, na sasa nakupa bure.

Mwezi uliopita Sahra alikuja hapa, mama mwenye wajukuu. Baba yake amefariki, Mungu amrehemu. Alileta lile gitaa limefungwa kwenye shuka, kwa sababu swichi yake ilikuwa imekufa. Nililipokea kwa furaha, wallahi, kama ndugu aliyerudi safari, nikamwambia: safari hii nitalimaliza kama nilivyotaka, nitakupakia jekundu utashangaa.

Akaweka mkono wake juu ya ubao haraka, kama anayemzuia mtoto asiguse moto.

"Adeer, ami yangu, hapana. Swichi bekee."

Akanionyesha. Pale juu, ukingoni, pana doa jeusi refu lililoingia ndani ya mti. Ni mahali mkono wa Dahir ulipolala kila alipopiga, miaka yote ile, jasho lake likinywewa na ubao usio na rangi. "Hii ni mkono ya aabo," akasema. "Ukitia rangi, mimi naweka mkono yangu wapi?" Kisha akaweka mkono wake palepale, ukaenea.

Basi nilitengeneza swichi. Lile ndilo gitaa zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza, na sikulipaka rangi.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Leo shughulika na shingo na nyaya. Funga nyuzi, lipige likiwa tupu hivyohivyo, ujue kama lina sauti au lina uzuri wa picha tu. Ukiniambia lina sauti, nitaamka nawe mapema kesho upepo ukiwa umelala, na jekundu langu bado lipo kwenye rafu, nitakupa. Na yule atakayekuharibia kazi kwa kutaka kukusaidia, mpigie kelele kidogo kama mimi, lakini usimfukuze uani, kwa sababu huenda akawa ndiye wa kukukumbusha gitaa ni la nani. Mungu akupe mkono uliotulia na sikio lisilodanganyika, akujalie umri mrefu mezani hapa, na siku moja aje mtu na kazi yako, aweke mkono wake juu yake, akukataze kuigusa.