Mpiga Picha Asiye na Picha ya Mkewe

Saa nne asubuhi. Mbele ya tembo wa saruji katikati ya jiji, mzee mmoja amepiga goti, jicho moja kalifumba.

"Kidevu juu, mwanangu. Cheka kidogo. Kidogo! Hatuhesabu meno hapa."

Msichana anaangua kicheko, na kamera inalia.

Huyu ndiye Cheka Kidogo, kama jiji zima linavyomwita. Kwa miaka thelathini na mitano amewapiga picha wageni na maharusi mbele ya sanamu hiyo. Zamani wateja arobaini kwa siku haikuwa ajabu. Leo kila mtu ana simu yake. Akipata watatu anashukuru.

Lakini kinachomnyima usingizi si wateja. Mganga hajigangi. Mkewe alifariki miaka kumi na minane iliyopita, binti yao akiwa na miaka miwili, na nyumbani hamna picha yake hata moja.

Mwezi uliopita binti huyo alijifungua.

"Kila anayekuja kumwona mtoto anasema kachukua sura ya bibi yake," anasimulia. "Binti yangu akaniuliza, 'Baba, hiyo sura ikoje?' Nikamwambia mama yako alikuwa mrefu, mweusi, ana mwanya. Akasema, 'Hata jirani yuko hivyo.'"

Mkewe alikuwa akimletea chakula kila mchana. Alipenda kusubiri nyuma ya wateja, kando ya mguu wa tembo. Na mumewe hakuwa na mchezo na kazi.

"Nilikuwa namfokea: 'Mama, toka hapo, unaniharibia picha!' Anacheka, anatoka. Kila siku namtoa. Mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Siku nyingine alichelewa kutoka. Picha hizo Cheka Kidogo alizihesabu mbovu, akawapa wateja bure na kuwapiga nyingine. Filamu zake zilioza paa lilipovuja. Picha zilizosalia zimo kwenye kuta na masanduku ya watu.

Ndiyo maana kila Jumapili hapigi picha, anapiga hodi. Mtaa wa maseremala amemaliza, na nyumba za nyuma ya stesheni.

Jumapili iliyopita alifunguliwa mlango na mshonaji wa mtaa wa sokoni.

"Ile picha mbovu, shemeji? Si nilikuja kukutukana kwa ajili yake!"

"Nitukane tena, ila nitolee."

Akaitoa chini ya godoro. Nyuma ya bega la mshonaji, mwanamke kageuka, anaondoka. Kisogo, na kisigino kimoja. Uso hamna. Mzee aliishika muda mrefu, akairudisha, akatoka bila kuaga.

"Sijamwambia binti," anasema. "Nimwonyeshe mama yake anaondoka?"

Jumapili hii anakwenda nyuma ya uwanja wa mpira, kwa mwalimu mstaafu aliyepigwa picha ya harusi hapo kwa tembo. Anakumbuka siku ile alipiga mara mbili. Binti yake amekataa kubaki nyumbani. Mtoto atambeba mgongoni.

"Na wakikataa kutupatia picha, Baba?"

"Wasitupe. Wewe mtazame mama yako hapohapo ukutani mpaka utosheke. Wenye nyumba niachie mimi, nitapiga nao soga."