Pipa la Sita

Nina hasira na watu walionisaidia, na sitaificha.

Kiwanja chetu cha ndege, nje kidogo ya Rulenge, ni udongo na nyasi tu. Pembeni kuna mapipa kumi yaliyopakwa chokaa. Kazi yangu ilikuwa kusimama mwanzoni, kuyahesabu, kisha kumpigia rubani simu. Nikiliona la sita, anaruka. Nisipoliona, haji. Aliwahi kunieleza kwamba hata kwenye viwanja vikubwa, vyenye mitambo ya kumwongoza mtu ndani ya mawingu, kuna kimo ambacho rubani asipoiona njia kwa macho yake lazima apande tena. Kwetu mitambo ilikuwa macho yangu.

Asubuhi ile ndege ilikuwa inamfuata mama yangu. Utumbo ulikuwa umejisokota, daktari akataka apasuliwe Mwanza siku hiyohiyo. Majirani waliposikia, wakaja na mafyekeo, wakafyeka kiwanja kizima bila kuombwa. Kisha, kama tufanyavyo mashambani, wakakusanya majani na kuyachoma. Majani yenye umande! Moshi ukalala pale kama ng'ombe aliyegoma.

"Unaona mangapi?" rubani aliuliza.

Mwenyekiti wa kijiji akanishika mkono. "Mwanangu, mwambie sita. Mpaka afike, moshi utakuwa umekwisha."

"Niache, mzee."

Mama alikuwa nyuma ya gari, juu ya godoro, anang'ata kanga. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini nyuma ya pipa la kumi kuna kilima.

"Manne," nikasema.

Rubani hakuweza kusubiri. Alikuwa na mgonjwa mwingine kisiwani. Tukampeleka mama kwa gari. Alikata roho kabla hatujafika Nyakahura.

Msibani wakanong'ona: msiba wa kujitakia hauna kilio. Walewale waliowasha moto! Wanakula ndizi zetu, wananisema. Lakini walikuwa wamelowa umande hadi magotini kwa ajili ya mama yangu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba hata kuwatukana siwezi.

Na sijamwambia mtu hili. Tulipogeuza gari na kurudi na mwili, tulipita kando ya kiwanja. Jua lilikuwa kali, moshi haupo. Sikutaka kuhesabu. Macho yakahesabu yenyewe, hadi kumi.