Alicheza Kwenye Matanga ya Mama Yake

Nimewahi kumwona mtu akicheza kwenye matanga ya mama yake mzazi.

Nasema kucheza, siyo kutikisa kichwa. Kiuno, mabega, mikono juu, na mimba ya miezi saba mbele. Ndugu zake wanamwona, na hakuna hata mmoja aliyemkataza.

Mimi ndiye niliyekuwa nampigia makofi.

Subiri kwanza kabla hujanitukana. Naitwa Frida, kazi yangu kusuka nywele hapa hapa Ujiji. Mdomo ninao, hilo sikatai, lakini hili ninalowaambia nililiona kwa macho yangu na mpaka leo likinijia naacha chanuo naenda kukaa nje.

Nimepanga chumba Kasingirima, kwa fundi friji anaitwa Gervasi na mkewe Joanitha. Huyo Joanitha ni mwenye nyumba wangu kwa jina tu. Tulishakuwa ndugu, tunapakuliana mboga, tunaazimana kanga, tunasengenya pamoja.

Gervasi alikuwa na ugonjwa mmoja: ziwa. Alinunua boti kuukuu ya faiba kwa mtu aliyekuwa anafunga hoteli, akaiziba matundu, akaipaka njano, akafunga injini ndogo.

Watu wa Kibirizi, ufukweni tulikokuwa tunaegesha, walimcheka mpaka basi.

"Fundi, hii boti haivui dagaa, haibebi mzigo, haina abiria. Sasa ya nini?"

"Ya kupunga upepo."

"Kwani kwako upepo umekatwa?"

Yeye hakujali. Kila Jumapili tukitoka kanisani, safari. Tunabeba ndizi, samaki aina ya migebuka wa kuchoma, spika ndogo ya muziki, tunaelekea kaskazini njia ya Kagunga mpaka kijijini kwa akina Joanitha. Pale tunampakia mama yake, Mama Domitila, tunamzungusha.

Jamani, yule mama alivyoipenda ile boti!

"Maisha yangu yote nimepanda boti kwa shida," aliniambia siku moja. "Kupeleka dagaa sokoni, kupeleka mgonjwa, kwenda kuzika. Kupanda boti kwenda popote tu na kurudi, hiyo raha nimeianza uzeeni."

Lakini kwa kukaripia alikuwa hana mpinzani. Gervasi punguza mwendo. Frida funga hiyo kanga vizuri, unaonyesha ziwa zima mapaja. Joani usiniegemee pembeni. Alikuwa anakaripia huku anacheka, na sisi tulikuwa tunamchokoza makusudi.

Sasa mwaka huo kipindupindu kikaingia vijiji vya kando ya ziwa.

Kilianza kama mzaha. Mara gari la matangazo likaanza kupita mitaani, mara tukasikia kijiji kile kimefungwa, hiki nacho kimefungwa. Boti za matembezi zikawa za kwanza kupigwa marufuku, na ukiangalia ni haki, nani anakufa kwa kukosa kupunga upepo?

Baadaye wakalegeza kidogo, kwa masharti. Botini wawe watu wa nyumba moja. Hakuna kushuka kijiji chochote, hakuna kupakia mtu, hakuna kuogelea, hakuna kuchota maji ya ziwa ukanywa. Boti na boti zisisogeleane. Ukikamatwa, injini unaiacha kwao.

Pale Kibirizi akawekwa bwana afya mmoja, kijana mpole lakini king'ang'anizi.

"Na huyu dada ni nani kwenye nyumba hii?" akauliza siku aliyonikuta botini.

"Mpangaji," nikamjibu. "Choo kimoja, bomba moja, kelele moja. Unataka tuwe nyumba moja kiasi gani?"

Akacheka, akatupitisha.

Basi wenye boti tukajifunza maisha mapya. Unafika kwenye maji, unazima injini, mwenzako kule mbali naye anazima, mnaanza kupiga soga kwa kupaza sauti utadhani mnagombana. Mwalimu mmoja alikuwa ananyanyua chupa yake ya soda, na sisi tunanyanyua zetu, ndiyo kugongeana hiyo. Mtu akishika tumbo tu, boti ya jirani inawasha injini. Tulicheka, maana ungefanyaje?

Kijiji cha akina Joanitha nacho kilifungwa. Hatoki mtu, haingii mtu. Wavuvi tu waliruhusiwa kusogea kidogo kutoka ufukweni.

Joanitha akapanga mambo na mdogo wake, Elia. Jumapili mchana Elia atampakia mama kwenye mtumbwi, watasogea mpaka wanapoishia wavuvi. Sisi tutasimama huku, mbali kama inavyotakiwa. Kukaribiana hapana, lakini kuonana nani amekataza?

Jumapili ya kwanza, kabla hata injini haijanyamaza, tukasikia sauti.

"Joani! Umekula?"

"Nimekula, mama!"

"Geuka nione!"

Joanitha akasimama, akageuka ubavu, mama aone tumbo.

"Haya kaa chini! Nani kakwambia mjamzito anasimama kwenye boti? Gervasi, na wewe unamtazama tu?"

"Samahani, mama!" Gervasi akaitikia.

Tulicheka mpaka machozi. Joanitha alirudi nyumbani siku hiyo akiimba, akala sahani mbili za ugali.

Hiyo mimba haikuwa ya mchezo. Kabla yake ilitangulia nyingine. Baba yake Joanitha alipofariki, mtu alimpigia simu akamwambia kavu kavu, "Mzee amekufa," na usiku huo huo mimba ikatoka. Daktari alisema havihusiani. Lakini nani alimsikiliza daktari? Ukoo mzima ulishaamini msiba ndio ulioitoa. Halafu akakaa miaka bila kushika tena, mawifi wanasema wanayosema, mpaka Mungu akamkumbuka.

Kwa hiyo ile simu ya Ijumaa ilipoingia, haikuingia kwa Joanitha. Iliingia kwa Gervasi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa kati ya mafriji mabovu, simu sikioni, mkono mwingine ameuziba mdomo.

Mama Domitila alianza kuharisha asubuhi, jua linazama hakuwepo. Watu wa afya walimzika siku hiyo hiyo, na dawa zao, na ndugu wachache wamesimama mbali.

"Amesema nini kabla?" nikauliza, maana sikujua niulize nini.

Gervasi akateremsha simu. "Amesema Joani asijue mpaka ajifungue. Amesema Jumapili asikose kumwona."

"Atamwonaje, shemeji?"

Mama Domitila alikuwa na mdogo wake, Catherine. Sura moja, umbo moja, mabega yale yale. Karibu unawatofautisha, mbali huwezi. Elia alishapanga: yeye ndiye atakayekaa kwenye mtumbwi, kwa kitenge cha marehemu, na mtandio kichwani kama wa kuzuia jua.

Yebaba we! Mtu kamzika dada yake Ijumaa, Jumapili avae nguo za dada yake akapunge mkono.

Tukamwambia Joanitha simu ya mama imezama ziwani. Akakunja uso kidogo, akasema mama na simu hawajawahi kupatana.

Jumapili tukaenda. Ule mtumbwi ukasogea, Elia na kasia lake, na yule mama amekaa katikati. Wallahi hata mimi niliyejua nilidhani Mama Domitila amerudi.

"Mama! Shikamoo!"

Yule mama akanyanyua mikono yote miwili.

"Koo limekauka!" Elia akapaza sauti. "Hawezi kuongea!"

Joanitha akatazama mtumbwi. Akatazama ufukweni, kwenye nyumba yao, ambako watu wa matanga walikuwa wamesimama mmoja mmoja kama walivyoagizwa na watu wa afya. Halafu akanigeukia.

"Frida, weka muziki. Mama anaumwa, nimchekeshe."

Nikaweka. Ningefanyaje?

Akasimama akaanza kucheza. Boti inayumba, Gervasi ameshika pande zote mbili, jasho linamtoka. Mimi nikapiga makofi, nilijua nikiacha kupiga nitalia. Kule kwenye mtumbwi naye Catherine akaanza kupiga makofi.

Joanitha alicheza sana. Alicheza huku anautazama ule mtumbwi bila kupepesa, kama mtu anayengoja kitu. Wimbo ukaisha, ukaingia mwingine, yeye yumo tu.

Halafu akakaa ghafla.

"Jua kali," akasema. "Turudi."

Tulipofika Kibirizi mimi na Gervasi tukatazamana tukashusha pumzi. Tumefaulu, tukasema. Hajashtuka.

Jumapili zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Koo bado, simu bado. Gervasi alishachoka, akawa anatafuta visingizio, mara mawimbi, mara petroli imepanda. Joanitha anamjibu neno moja tu: "Nipeleke." Hakucheza tena. Anakaa anautazama ule mtumbwi kimya mpaka Elia anageuza.

Akajifungua salama, mtoto wa kiume, kilo za kutosha. Gervasi alilia wodini mpaka manesi wakamcheka, na mimi nikajua yale machozi yalikuwa ya vitu viwili.

Mtoto alipotimiza arobaini, marufuku ilikuwa imeshaondolewa. Boti zikarudi ziwani na makelele yao, watu wanaogelea, wanachoma samaki. Gervasi akasema sasa basi, twende kijijini, tukamwambie tukiwa na ndugu zake.

Elia na mama mdogo Catherine walikuwa wanatungoja ufukweni. Safari hii Catherine alikuwa na nguo zake mwenyewe.

Joanitha akashuka na mtoto. Akasalimia.

"Mama... mama kasafiri kidogo," Elia akaanza. Yaani yule kijana, siku yenyewe ya kusema ukweli, uoga ukamshika. "Kavuka Kongo, kuna ndugu yetu..."

"Elia," Joanitha akasema. "Basi."

Akanipa mtoto.

"Mlidhani mama yangu angeniacha nicheze vile? Na tumbo lile, kwenye boti? Hata angekuwa hana sauti, angejirusha majini aje anikalishe. Nilisimama ili anikaripie. Nikangoja. Nikangoja mpaka miguu ikaniishia. Mama mdogo, wewe ukanipigia makofi."

Kumbe muda wote tulidhani tunamficha, yeye ndiye aliyekuwa anatuficha sisi.

Gervasi akauliza. "Mke wangu, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ningesema najua, mngeniruhusu nilie? Mngekaa mnanitazama tumbo, mnangoja damu. Na mimi mwenyewe niliogopa. Nilimwambia mtoto, tulia, tutalia ukishatoka. Nilikuwa nalilia bafuni, nimefungulia bomba, Frida asisikie."

Tunatumia bomba moja na sikusikia kitu.

"Sasa Jumapili zote zile ulikuwa unafuata nini?" Catherine akauliza, machozi yanamtiririka.

"Nilikuwa nakuja kukutazama wewe, mama mdogo. Kwa mbali ulikuwa ni yeye."

Catherine akajishika kichwa.

Joanitha akafungua kanga ya kiunoni akajifunga upya, kama wanawake wanavyojifunga wakiingia msibani. Akakaa chini, palepale mchangani, miguu ameinyoosha.

"Hakuna mtu aliyeniambia mpaka leo," akasema. "Nimejijulia mwenyewe. Mtu hajipi habari ya msiba wa mama yake. Wengine huitwa, wakakalishwa, wakashikwa mkono, wakaambiwa. Na mimi nikalisheni. Niambieni."

Elia aligeukia ziwani. Gervasi alikuwa ameshika kamba ya boti, haifungi wala haiachii.

Ni Catherine aliyepiga magoti. Akamshika mikono yote miwili.

"Joani, mwana wanje, mwanangu," akasema. "Mama yako hatunaye."

Ndipo Joanitha akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile na sitaki kukisikia tena. Wanawake wakatoka majumbani, wengine na mikono ya unga, wakaja wakakaa naye. Matanga yaliyokwisha zamani yakaanza upya siku hiyo, na watu wakalala pale.

Mimi sina elimu ya kumfundisha mtu. Ila kama kwenu mnamficha mtu msiba kwa kumhurumia, kumbukeni huyu dada. Sisi hatukumpunguzia kilio hata kidogo. Tulimnyima tu watu wa kulia naye.