Seva ya Huyu, Programu ya Yule

Mkitaka kucheka nichekeni tu, aibu yenyewe nimeshachoka kuiona, na hapa kambini (kambi ya mahema ya watalii, karibu na kijiji cha Robanda, mbugani) kila mpishi anaisimulia hii habari kwa namna yake, basi afadhali niwape mwenyewe mara moja nipumzike.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta wa kambi. Kazi yangu kubwa ni seva ya barua pepe, maana wageni wote wanaanzia huko, na seva ilikuwa inajaa kila wakati kwa sababu wageni wanapenda kutuma pasipoti, vyeti vya chanjo na picha za mbwa wao (sisi sijui tuwafanyie nini hao mbwa). Sasa badala ya kuwapigia watu wa Dar es Salaam waliotuuzia seva niwaombe ushauri, nikaona watanizungusha, nikachukua programu ya kampuni nyingine ya Nairobi, ambayo inahamisha barua zenye viambatisho na kuzitunza kwenye diski ya pembeni. Ukifungua barua inakuletea yaliyomo, wala hujui kama ilihama. Nikaipanga ihamishe kila barua ya namna hiyo mara inapoingia. Ikafanya kazi, nikasifiwa kikaoni, nikajiona fundi kwelikweli.

Halafu ikaja apdeti ya seva, yaani toleo jipya, nikaiweka jioni nikaenda kulala zangu. Asubuhi barua zote zilizohamishwa hazifunguki: jina la aliyetuma unaliona, kichwa cha barua unakiona, ukiingia ndani ni peupe. Na ya juu kabisa ilikuwa ya wageni waliokuwa wanafika siku hiyohiyo, mzee na mke wake, kichwa cha barua hiyo kinasema uwanja wa ndege umebadilika. Kwamba umebadilika tukaelewa, sasa umebadilika kuwa upi ndiyo habari iliyofungiwa ndani, na huku kwetu viwanja vya porini viko kadhaa na vimeachana mbali. Simu zao zimezimwa, wakala wao wa ng'ambo bado amelala, ndege wamekodi na hatujui kwa nani. Wazee wa watu watashushwa porini juani na hakuna wa kuwapokea.

Nikapiga Dar. Akapokea kijana mpole, akaniambia, "Dada, toa kwanza hiyo programu ya watu, halafu ndipo sisi tuangalie." Nikapiga Nairobi. "Ukiitoa saa hii hizo barua zitapotea, madam. Programu yetu iko sawa, ni hiyo seva imebadilika, ongea na wao." Nikarudi Dar, nikarudi Nairobi, sikio limeungua, na jua linapanda.

Meneja wetu, Mama Bhoke, mama wa Kikurya kutoka Machochwe, alikuwa amesimama mlangoni ananisikiliza. "Robhi mwanangu," akasema, "hao watu unawaendea mmojammoja wa nini? Kwetu watu wakitupiana mzigo wanaitwa kwenye ritongo, kila mtu anasema mwenzake akisikia." Ritongo ni kikao cha kijiji cha kuamua kesi, na mimi mtoto wa kijiji cha Kerende vikao hivyo nimeviona, mtu hatoki pale na uongo wake. Nikakubali haraka (hapo ndipo nilipojimaliza), maana nilijua watagombana wao kwa wao na mimi nitatoka safi. Mama Bhoke akaita wapishi, walinzi na kila aliyekuwa karibu kwenye hema la chakula, simu ikawekwa mezani, spika wazi, Dar na Nairobi wote kwenye laini moja.

Wakasalimiana vizuri mno, jambo ambalo peke yake lilinitia wasiwasi. Wa Dar akaeleza kwamba msaada wao unaishia kwenye seva yao. Wa Nairobi akasema wa kwao unaishia kwenye programu yao. Kila mmoja akasema mwenzake ana haki. Mama Bhoke akaisogelea simu.

"Nyinyi wawili mlikuwa mnajuana?"

"Hapana, mama."

"Hatujuani kabisa."

"Sasa nani aliwakutanisha?"

Hema zima likanigeukia.

"Dada," wa Dar akauliza kwa upole wake uleule, "kabla ya kuiweka ulituuliza?"

"Sikuuliza."

"Na sisi hukutuambia unaapdeti," wa Nairobi akaongeza.

"Sikuwaambia."

Mama Bhoke akakata simu. "Kesi imekwisha. Chukua kibao cha kuwakaribisha wageni, panda gari na dereva, Mzee Wambura, ukawatafute."

Lilikuwepo gari moja tu, kwa hiyo tukabahatisha uwanja. Nikasimama na kibao changu na chupa ya juisi, mbele yangu ngiri na watoto wake, mpaka mlinzi wa uwanja akatuonea huruma akauliza kwa redio, akaambiwa wageni wetu walishashushwa uwanja mwingine tangu asubuhi. Mzee Wambura akageuza gari.

Tuliwakuta kwenye kivuli chembamba cha choo cha uwanja, mzee amekalia sanduku, kitambaa cha maji kichwani, midomo imemkauka. Mke wake akanionyesha simu yake, ambayo huko haikuwa na mtandao. Akasema rubani alitaka kukaa nao mpaka gari lifike, ila yeye ndiye aliyemwambia aende zake, kwa sababu alikuwa na jibu letu: *Asante, tumeusoma ujumbe wako na tunakusubiri uwanjani.*

Hilo ni jibu ambalo seva inalituma yenyewe kwa kila anayeandika. Maneno nilitunga mimi.

"Ni nani huyu aliyesoma?" akaniuliza. Nikamwambia hakuna. Akaitazama simu kidogo, akaifunga, akaniomba nimshike mzee mkono wa pili tumpandishe garini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Siku hizi sichomeki kitu cha mtu ndani ya kitu cha mtu mwingine kabla sijawapigia wote wawili, hata wakinizungusha wiki nzima. Na lile jibu nililifuta jioni ileile. Anayetuandikia sasa anasubiri mpaka mtu asome kweli.