Akaunti ya Mama Mkwe

Kwetu Waluhya, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali meza moja, hawabanani mlangoni, na kiti cha mmoja hakikaliwi na mwingine. Mimi niliajiriwa ofisi moja na mama mkwe wangu, na ofisi hiyo ilikuwa na kompyuta moja tu.

Ilikuwa Kakamega mjini, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, katika shirika dogo la kugawia wakulima miche. Yeye alikuwa karani wa kupiga chapa tangu kabla sijamwoa binti yake. Mimi nilikuja baadaye na cheti cha kompyuta, na kichwa kilichovimba kuliko cheti chenyewe. Wenzetu walitucheka kwelikweli. Tukapatana bila kuambiana: kiti chenye kitambaa cha kufuma ni chake, stuli ya mbao ni yangu, na mmoja akiingia chumba cha kompyuta mwingine ameshatoka. Maneno yetu yalibebwa na mama aliyetupikia chai, aliyeyapeleka na kuyarudisha pamoja na vikombe.

Kompyuta hiyo niliipanga mimi. Kila mfanyakazi alikuwa na akaunti yake: unaandika jina lako, unaandika neno la siri, unapata barua pepe zako na za mwenzako huzioni. Niliwaonya wote wasimtajie mtu yeyote neno la siri, hata mimi. Intaneti ilipitia laini ya simu ya ofisi, nayo tuliifungua mara mbili kwa siku. Asubuhi ilikuwa zamu yangu na ya meneja. Saa tisa alasiri ilikuwa zamu ya mama mkwe.

Mwaka huo alikuwa akisubiri barua moja. Kitinda mimba wake, shemeji yangu wa miaka kumi na miwili, alizaliwa na tundu kwenye moyo. Kutoka barabarani hadi nyumbani kwao, upande wa Butali, alikuwa akichuchumaa mara tatu kutafuta pumzi, midomo imegeuka zambarau. Madaktari kutoka ng'ambo walimpima katika hospitali ya misheni. Walisema watarudi Nairobi baada ya miezi miwili kuwafanyia upasuaji watoto wachache bila malipo, na mzazi wa mtoto atakayechaguliwa ataandikiwa barua pepe, na ni lazima aijibu. Mama mkwe akawapa anwani niliyomfungulia mimi.

Wiki ya tatu mama wa chai alikuja mezani kwangu. "Mama anasema ile programu ya barua imekataa. Inaanzanga vizuri, alafu inakwama pale pale."

Nilingoja mama mkwe atoke. Nikakisogeza kiti chake kwa ncha za vidole, nikavuta stuli, nikaingia kwa akaunti yangu. Barua zangu zilishuka bila matata. "Mwambie iko sawa," nilisema. "Labda hao madaktari hawajaandika."

Kesho yake ujumbe ukarudi, na kesho kutwa vilevile. Kila mara nilijaribu kwa jina langu, na kila mara ikakubali. Nikaanza kukasirika, nakiri. Nilidhani ni mtu mzima anayeogopa mashine.

Siku moja mama wa chai hakuondoka baada ya kuniwekea kikombe. "Mama anasema si ati hakuna kitu. Kuna kitu inavutanga, lakini haikifikishi."

Nilicheka. Sijui ningetoa nini leo ili kicheko kile kisiwe changu.

Ulikuwa msimu wa mvua. Anayeijua Kakamega anajua kwamba kila alasiri wingu hutokea upande wa msituni likiwa jeusi, na radi hutangulia mvua. Radi ilikuwa imeshatuunguzia modemu moja, kwa hiyo nilitoa amri kwamba ngurumo ya kwanza ikisikika waya uchomolewe. Zamu ya mama mkwe haikumaliza hata robo saa. Kupitia kioo cha mlango nilimwona ameinama mbele ya skrini, mikono mapajani, akingoja, kisha mama wa chai akiingia kuchomoa waya.

Nyumbani mke wangu alikuwa akiniuliza kila jioni kama barua imefika. Mdogo wake hakuwa anachuchumaa tena njiani, kwa sababu hakuwa anatembea tena. Alibebwa. Niliogopa, na kwa kuogopa nikajifanya mwenye kazi nyingi. Niliiondoa programu yote nikaiweka upya. Kwangu ikafunguka. Kwake ikakwama.

Mwishowe nikawapigia simu waliotuuzia intaneti, huko Nairobi. Fundi wao alinisikiliza, akauliza swali moja. "Umeiona ikikwama kwa macho yako mwenyewe?"

Nikakiri kwamba sijaiona.

"Basi ingia kwa akaunti ya huyo mama," alisema, "ndipo unipigie."

Hapo ndipo haya iliponishika. Ningemwombaje mama mkwe neno lake la siri? Kulituma kwa mama wa chai ni kulitangaza sokoni. Kumwomba aketi pale aliandike nami nikiwepo ni kumvunjia heshima mbele ya ofisi nzima. Nilijiambia nitatafuta njia. Zikapita siku nne, na njia sikuipata kwa sababu sikuwa naitafuta.

Asubuhi ya siku ya tano nilikuwa kwenye stuli yangu aliposukuma mlango. Nilisimama ili nitoke. Hakunipisha. Alivuta kiti chake akaketi, kati yetu nafasi ya mkono mmoja, na mama wa chai aliyekuwa nyuma yake akatua sinia akatoka ameziba mdomo.

"Kaa," mama mkwe aliniambia. "Tazama."

Ndilo neno la kwanza alilowahi kunielekezea mimi mwenyewe. Nikaketi. Aliandika neno lake la siri, nami nikageuza uso ukutani. Nilipourudisha, mstari wa buluu ulikuwa ukitambaa kwenye skrini. Ukatambaa, ukatambaa, ukasimama. Pale pale, kama alivyosema.

Niliagiza orodha ya vilivyomo kwenye sanduku lake kule Nairobi kabla ya kuvuta chochote. Kulikuwa na barua tatu. Ya kwanza ilibeba picha kubwa mno kwa laini yetu. Kila alasiri programu ilianza na hiyo, ikakatika njiani, na kesho yake ikaianza upya. Nyingine mbili zilikuwa foleni nyuma yake. Niliiambia programu iruke ya kwanza. Zile mbili zilishuka kabla chai haijapoa.

Alizisoma mwenyewe, polepole, midomo ikicheza. Moja ilisema mtoto amechaguliwa, na mzazi ajibu. Nyingine ilisema wamesubiri jibu hadi siku ya mwisho, wamesikitika, nafasi wamempa mtoto mwingine, watarudi mwakani. Niliangalia ilitumwa lini. Ilitumwa juzi. Juzi nilikuwa kwenye siku yangu ya tatu ya kuona haya.

Niliwaandikia papo hapo, nikasihi kwa kila Kiingereza nilichokuwa nacho. Walijibu kwa upole. Orodha ilikuwa imejaa.

Mwaka uliofuata haukumkuta mtoto. Wiki ya mazishi niliivuta ile picha, asubuhi kavu isiyo na wingu, ikachukua karibu saa nzima. Madaktari walikuwa wameituma kama zawadi tu: mtoto amevaa koti la daktari, mikono imepotea ndani ya mikono ya koti, anacheka. Familia haikuwa na picha nyingine ya karibuni. Ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza.

Siku hiyo mama mkwe alimtuma mama wa chai. "Mama anasema usiende bila kula." Sahani yangu ilikuja na obusuma, ugali wa kwetu, na kipande cha kuku cha mgeni wa heshima. Nilikula nikilia, na sikujali nani ananiona.

Hajawahi kunilaumu. Mama mkwe hamgombezi mkwe wake. Heshima ile ile iliyonizuia kuketi naye ndiyo inayonikinga nisisikie aliyo nayo moyoni, na ningefurahi sana kama angeyasema. Hadi leo nikifika kwao huuliza hali yangu kupitia binti yake, kisha huinuka na kwenda jikoni.