Mbao za Ukuta Zilizonipeleka Pinga

Mushaki. Sababu ya mimi kuondoka hapa ilikuwa ukuta. Chuo chetu kilipata ukumbi mpya mmoja, nasi tukaugombania: mimi mwalimu wa uuguzi, na Papa Bahati wa kilimo, ambaye akisalimia, ng'ombe wa mlima wa pili huitika. Wanafunzi wake huingia na mabuti ya matope; wangu huvaa blauzi nyeupe. Zaidi ya hayo, tulihitaji utulivu wa kumjadili Neema, mtoto wa kituo cha afya aliyelazwa tena kwa bwaki, miguu imevimba kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Nilitaka ukuta katikati. Mbao zilikwisha kupasuliwa.

Mkurugenzi akasema mmoja wetu aende kwanza Pinga, kwenye chuo ambacho wanafunzi wa uuguzi na wa kilimo husomea chumba kimoja. Nilijitolea haraka. Nilitaka kurudi na kasoro zao zote.

Asubuhi nilipanda pikipiki, jibini la Mushaki mgongoni kama zawadi. Hadi Masisi ilikuwa raha tupu: vilima, ukungu, ng'ombe wasio na haraka. Baada ya Nyabiondo dereva alisema, "Mama, shuka tusukume," mara nyingi hata sikujua nani kambeba nani.

Pinga nilifika na matope hadi magotini. Mama Furaha, mwalimu aliyenipokea, alinikuta mlangoni nikihangaika kuvua viatu.

"Ingia tu, Mama. Matope njo kazi ya ufagio."

Ndani palikuwa na meza moja ndefu, na juu yake plagi zote za chuo, zinazopata umeme wa jua kutoka paani.

"Tuliziweka hapa katikati," alisema. "Mutu akitaka simu yake ijae, anakaa na benzake."

Nilicheka sana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka chaji sharti avumilie jirani.

Mchana nilikaa pale nikitafuta kasoro. Mwanafunzi wa uuguzi alikuwa akilalamika: "Ule mutoto tunamupatia maziwa, anapona. Akirudia kwabo, miguu inavimba tena."

Kijana wa kilimo, macho kwenye simu, akauliza, "Kwabo ni wapi?" Alipotajiwa kijiji, akainua kichwa. "Kule maharagi ilioza yote! Banakula bugali na majani ya sombe tu. Kuyeni muchukue mbegu ya soya kwetu."

Nikamkumbuka Neema wetu wa Mushaki: naye hupona kituoni, kisha huvimba tena kwao. Shamba la soya la Papa Bahati liko nyuma ya darasa langu, na sikuwahi kumuuliza neno.

Kesho yake nilirudi na chupa ya mafuta ya mawese niliyopewa, nikisukuma pikipiki bila kulalamika. Papa Bahati alinisubiri karibu na mbao, nyundo mkononi.

"Mama, ukuta tunaanzia wapi?"

"Papa Bahati, uko na mbegu ya soya?"

Alinitazama kama mtu aliyeugua njiani. Nikamweleza habari za Neema. Aliweka nyundo chini, akaenda ghalani mwenyewe kuchota mbegu ya kumpa mama wa Neema.

Zile mbao sasa ni meza. Nimejifunza kwamba chumba hupangwa kwa kuanzia mahali watu watakapolazimika kukutana. Milango na rangi baadaye. Tunabishana kila siku, na blauzi nyeupe zina madoa.

Soya ilipovunwa, Neema alikuja kutusalimu na mama yake. Alisimama mlangoni, vimiguu vyake vyembamba vimejaa udongo wa shamba, akiogopa kuchafua sakafu. Nikamwambia aingie hivyo hivyo.